Tupeane uzoefu: siku uliyokwenda kuangalia kriketi ya mtaani

Mpita Njia: Wakuu, jana nimepita pale Annadil Burhani, uwanja wa kriketi wa Dar, nikasikia wale jamaa wakipiga ule ukelele wao wa "hauzaat!", wa kumwuliza mwamuzi kama mpigaji katoka. Nikacheka peke yangu juu ya bodaboda. Mara ya kwanza kwenda kuangalia nilimwambia mama watoto narudi kula mchana. Nikarudi magharibi. Nikamweleza kwamba mechi ilisimama watu wakaenda kunywa chai. Ugomvi ulianzia hapohapo kwenye chai. Nani mwingine yamemkuta?

Tumbo Mbele: Mimi nilifuata sambusa tu. Kaa karibu na meza ya chakula, usiulize nani anaongoza.

Suka: Usiegeshe gari nyuma ya kamba ya mpaka wa uwanja. Ule si mpira wa tenisi, ni gramu 160 hivi za ngozi ngumu kama jiwe. Kioo cha gari la mjomba kilipasuka, uwanja mzima ukashangilia, mwamuzi akanyoosha mikono yote miwili juu. Nikadhani ananiombea dua. Kumbe ni sita: mpira ukivuka kamba bila kugusa chini, mpigaji anapata mikimbio sita, ndiyo pointi zao.

Wa Nairobi: Hizo zenu ni za mtaani. Sisi Februari 2003 tulikuwa Nairobi Gymkhana, Collins Obuya wetu wa Kenya akawatoa wapigaji watano wa Sri Lanka, tukaenda hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Suka: Ndugu yangu, mada ni mtaani. Halafu New Zealand waligoma kuja Nairobi, mkapewa pointi za bure.

Wa Nairobi: Sri Lanka walikuja. Wakapigwa kwa mikimbio 53. Uliza lingine.

Penseli: Jamani acheni hayo, mimi nina dhambi ya kuungama. Mfanyakazi mwenzangu alinialika mechi ya Jumamosi, ova 20 kila upande, ova moja ni mipira sita. Nimefika na kofia yangu, mwandishi wa mikimbio wa timu yao hayupo, anauguliwa. Nikapewa daftari na penseli: "Wewe si mhasibu?" Sijawahi kuona kriketi maishani! Pembeni yangu mzee wa timu pinzani na daftari lake, ananifundisha kwa kunung'unika. Mpira usiozaa mkimbio, weka nukta. Mtu akitoka, W. Mwamuzi akinyoosha mkono mmoja kando ni nobolu, mpira uliorushwa kinyume cha sheria; yote miwili ni waidi, mpira uliopita mbali mno na mpigaji. Kuna wakati mwamuzi akaninyooshea kiganja juu, kimya, ananitazama. Nikampungia kwa adabu. Mzee akasema vizuri sana. Kumbe ndivyo mwandishi anavyotakiwa kujibu!

Nikavimba kichwa. Ova ya 11 akapita muuza kachori. Nikainama kuchovya kwenye chatini, nainuka nasikia makofi. Kuuliza nikaona aibu. Nikaweka nukta.

Waliopiga kwanza walikuwa wamepata mikimbio 142. Mpira wa mwisho, daftari langu linasema timu yangu 142, sare. La mzee linasema 143, timu yangu imeshinda. Yaani mpinzani ndiye anayetupa ushindi, mimi ndiye ninayeunyima! Wachezaji wote 22 wakatuzunguka, waamuzi wanafungua kurasa. Mzee akaniuliza polepole, "Kijana, ova ya 11 ulikuwepo?" Nikasema nilikuwepo.

Tumbo Mbele: Wewe! 😂😂 Kachori ngapi?

Penseli: Mbili.

Mpita Njia: Mada yangu imeshakwenda. Haya, ikaishaje?

Mzee wa Sheria: Kama waandishi mngelinganisha madaftari mara kwa mara kama inavyotakiwa, isingefika huko. Yanalinganishwa mechi ikiendelea, si mpaka iishe.

Suka: Mzee, hii mechi ya mtaani, mwandishi mwenyewe anakula kachori.

Mama Wawili: Ungesema ukweli tu. Au ungekimbia.

Penseli: Nilifanya la pili. Niliomba kwenda msalani nikatokea geti la nyuma, penseli yao mfukoni. Jumatatu kazini mwenzangu akaniambia wamekubaliana sare, na yule mzee kakataa biriani kwa hasira. Tunafanya naye kazi hadi leo. Hajui habari ya kachori.

Wa Nairobi: Sasa anajua. Mimi nafahamiana na watu wa Dar.

Penseli: Mkuu njoo pembeni tuongee.