Naangalia tumbili Saanane ila sijui naandika nini, naombeni mwongozo

mtoto_wa_kirumba:
Habari za saa hizi wakuu. Mi niko hapa hapa Mwanza, nimesoma uhasibu lakini moyo uko kwa nyani, sokwe na jamii yao yote. Nikipata nafasi navuka na boti pale Kapripointi naenda kisiwa cha Saanane, nakaa na daftari naangalia tumbili. Sasa shida, mambo yote yanatokea kwa mpigo, huyu anakimbia, yule anamtoa mwenzake chawa, mtoto kaning'inia mkia wa mama yake, nikiinama kuandika nikiinua kichwa wameshahama. Nikifika home nakuta nimeandika "wanagombana, wanacheza, wanagombana tena" basi. Afu kuna mwaliko wa shemeji yuko Leipzig, Ujerumani, anasema zuu yao ina sokwe wengi, ningependa nikienda niwe najua kuangalia. Je ya kwenye zuu na ya porini ni kitu kimoja?

BodaIgoma:
Uhasibu na tumbili vinaendana mkuu, wote mnahesabu karanga za watu 😂

ngosha_mstaafu:
Mdogo wangu umeuliza swali zuri, muache huyo wa boda. Mi nilipita chuo cha wanyamapori Pasiansi zamani, ngoja nikupe.

Hilo daftari lako halina kosa la mwandiko, lina kosa la uchaguzi. Jicho linakimbilia kelele. Tumbili wakipigana sekunde kumi unaona, wakikaa kimya wanatafuna majani nusu saa huoni, mwisho wa siku unaamini tumbili ni wagomvi kutwa nzima. Hili kuna mama mmoja Mmarekani, Jeanne Altmann, alianzia kwenye hesabu kabla hajaja kwa nyani wa Amboseli pale Kenya, mwaka 1974 akaandika makala ya namna ya kuchukua sampuli za tabia na mpaka leo watu wa fani hiyo wanafuata. Yani we ukiwa mtu wa mahesabu ndo utamwelewa haraka kuliko sisi.

Kifupi ni hivi, chagua mnyama mmoja KABLA hajafanya kitu. Sio yule mwenye vituko, yeyote, hata ukipanga kwa kura. Mfuate huyo tu kwa dakika kumi, mwenzake akianguka mtini muache aanguke. Ukimaliza unahamia kwa mwingine. Njia ya pili, weka saa ya simu ilie kila dakika mbili, ikilia unapitisha macho kundi zima toka kushoto kwenda kulia, unaandika kila mmoja yuko kwenye nini sekunde ile: anakula, anatembea, amepumzika, anatoa chawa. Ya kwanza inakupa nani kamfanya nini nani, ya pili inakupa muda wao unaishia wapi. Ila kabla ya yote kaa kwanza uandike orodha ya matendo na maana yake, "kugombana" ni nini? Kufukuza? Kung'ata? Kukodoa macho tu? Ukiacha hivyo hivyo wiki ijayo utaita kitu kingine kwa jina hilo hilo.

Na andika unachokiona sio unachodhani. Sokwe akikenua meno yote watu wanasema anacheka, wanapiga selfi, kumbe mara nyingi pale ana hofu. Nyani dume akipiga miayo hadharani sio usingizi, anaonyesha chonge.

mama_Neema_Nyegezi:
Naongezea kwa tumbili, angalia nani anampisha nani. Mmoja akisogea kwenye kivuli kizuri na aliyekaa akaondoka bila hata kuguswa, hapo umeshaona cheo, andika. Majike ndo wanabaki kundi walilozaliwa na cheo cha mama mtoto anarithi, madume wakikua wanahama. Ukishawajua kwa sura (sikio lililochanika, mkia mfupi, kovu) utaona ukoo wa mtu kabisa, na maneno yake.

Jamani na msiwape ndizi!! Ukimlisha hujifunzi tabia yake, unajifunza tabia ya ndizi.

ngosha_mstaafu:
Mama Neema kasema kweli. Na hapo ndo jibu la zuu na pori. Mnyama wa kwenye zuu haangaikii chakula, hana chui, na ana watu mbele yake kutwa, kwa hiyo usiseme "sokwe hulala masaa haya" kwa kumuona ndani ya ukuta. Weka safu moja ya idadi ya wageni na kelele, maana wageni nao ni sehemu ya hali ya hewa yake. Ukiona anazunguka njia ile ile bila sababu au anajinyonyoa manyoya, hiyo tabia ya kufungiwa, iandike peke yake.

Lakini sio kwamba zuu inafuta kila kitu. Rubondo hapo ziwani kwetu kuna sokwe wametokana na waliotolewa zuu na sarakasi za Ulaya, Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa zuu ya Frankfurt Ujerumani, aliwaleta kati ya 1966 na 1969, wengi walikamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo. Hawakufundishwa kuishi porini, waliachiwa tu, na wakaanza kula matunda ya msituni na kujenga viota vya kulalia. Saanane yenyewe ilianza 1964 kama zuu, hifadhi ya taifa imekuja kuwa 2013.

mtoto_wa_kirumba:
Daah asanteni sana. Sasa kaka, niliyemchagua akiingia nyuma ya mawe nafanyaje, nachukua mwingine?

ngosha_mstaafu:
Hapana, andika HO, haonekani, saa iendelee. Ukibadilisha kila anapojificha utabaki na wale wanaopenda kukaa wazi tu. Dakika zikiisha zile za HO unazitoa kwenye jumla kabla hujapiga asilimia, hiyo mhasibu sikufundishi. Jumamosi wageni ni wengi, nenda katikati ya wiki asubuhi.

BodaIgoma:
Mi nampeleka mpaka kwenye boti, nauli tutaongea