"Huyu mama kasahau maneno?" Fundi wa nyimbo wa Mwanga hapa Kigoma, mimi na wewe basi!

Wakuu habari. Mimi sina habari, nina hasira. Ndiyo kwanza nimeingia ndani, viatu sijavua, natota jasho kama mtu aliyepandisha kutoka stesheni hadi Mwanga na gunia la dagaa kichwani.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa kurusha nyimbo kwenye flashi, ambaye kibodi yake imebaki na herufi tisa na sabufa yake inamwaga mchuzi wa mama ntilie wa jirani.

Kesho napanda treni kwenda Tabora. Anayeijua ile safari anajua huwezi kwenda masikio matupu. Nikasema leo nijiwekee saundtraki za muvi, albamu nzimanzima, kistaarabu. Ya kwanza The Good, the Bad and the Ugly, ya mwaka 1966, kazi ya Ennio Morricone. Jamaa akaibofya The Ecstasy of Gold ili "aonje". Benchi limejaa watu. Piano ikaanza kutiririka. Mimi nimeshafumba macho, namuona yule jambazi Tuco anazunguka makaburini anatafuta kaburi lenye dhahabu, anakimbia mpaka makaburi yanageuka mistari. Mwimbaji Edda Dell'Orso akaanza kupandisha sauti, sauti tupu, neno hata moja hamna. Vinyweleo vikanisimama.

Fundi akageuka, chapati mkononi, mafuta mpaka kwenye kiwiko, akaniuliza: "Bro, huyu mama kasahau maneno?"

Benchi zima likalala kwa kicheko. Kuna mama alikuja kumchukulia mwanawe nyimbo za shule, hata yeye akacheka mpaka dumu lake la mawese likaegama.

Kasahau maneno! Wakuu, ile sauti imewekwa makusudi iwe kama ala! Bendi ya Metallica wanafungulia shoo zao kwa wimbo huo tangu 1983, na pale ukumbini hakuna anayeuliza mama kasahau nini. Halafu akaufuta. AKAUFUTA, huku ananiangalia usoni, chapati bado anayo. "Nimekupunguzia mzigo." Pale palipobaki wazi kanijazia singeli kumi na mbili.

Kasahau maneno. Mdomo wenye chapati ndio unasema hivyo.

Nawasilisha.

Mgebuka Mkavu: Siti ya mbele. Naomba kahawa.

Bibi Harusi wa Ujiji: Mkuu, ulilipa shilingi ngapi?

Mwenye uzi: Mia tano. Hiyo inahusiana nini?

Bibi Harusi wa Ujiji: Kwa mia tano ulitaka Morricone afufuke aje akurushie mwenyewe? Shukuru kwa singeli.

Nyundo ya Gungu: Huyo jamaa ndiye aliyenirushia Game of Thrones yote. Kila kipindi kikianza anapiga mluzi ule muziki wa Ramin Djawadi mwanzo mwisho. Una neno hata moja? Muulize huko nani kasahau.

Mwenye uzi: ASANTE. Wewe ndiye binadamu peke yako humu.

Nyundo ya Gungu: Ila na wewe kufumba macho mbele ya watu kwenye benchi, hapana.

Kibirizi Finest: Usije ukampelekea ile albamu ya The Bodyguard. Kwenye I Will Always Love You Whitney anaanza peke yake kabisa, ala hamna. Atakwambia "biti imekatika, hii faili ni mbovu", anafuta.

Mama Wawili: Huo wimbo si wa Whitney, ni wa Dolly Parton. Watu hamsomi.

Kibirizi Finest: Dada, nani kauliza katunga nani? Nimesema ANAANZA PEKE YAKE.

Mama Wawili: Povu la nini sasa?

Abiria wa Daraja la Tatu: Nyie mnalialia na flashi. Mimi nimeangalia Titanic mara nne, zote zilizotafsiriwa. Kila filimbi ya mtunzi James Horner ikianza kupanda, mtafsiri anaingia: "Hapo sasa binti anamwambia jamaa, usiniache!" Sijawahi kusikia ile filimbi ikimaliza pumzi. Na meli inazama huku yeye anasalimia washkaji zake wa Buguruni.

Mwenye uzi: Mkuu hiyo ni mbaya, ila turudi kwenye mama kasahau maneno.

Abiria wa Daraja la Tatu: James Cameron mwenyewe, mwongozaji wa ile muvi, hakutaka wimbo wenye mwimbaji mle. Horner aliuandaa kimyakimya, ndiyo Celine Dion akapata kazi. Sasa Cameron hataki mtu, fundi wako anataka mtu. Wakutanishwe.

Mgebuka Mkavu: 😂😂 kahawa imeniingia puani.

Mnyamwezi Halisi: Mimi kinachoniuma ni "Hakuna Matata", ule wimbo wa muvi ya The Lion King. Elton John na Tim Rice wametuachia msala. Wazungu wakishuka hapa Tabora, kabla hujasema karibu, washakuimbia. Nani kati yenu anasema hakuna matata? Sisi tunasema hakuna shida!

Mama Wawili: Wazungu wanafuata nini Tabora? Embe?

Mnyamwezi Halisi: Tembe la Livingstone la Kwihara ulilisikia wapi? Na asali je? Nyie wa mwisho wa reli mna nini zaidi ya dagaa wenye mchanga?

Bibi Harusi wa Ujiji: Livingstone na Stanley walikutana UJIJI, 1871. Mengine ni porojo. Na dagaa wetu wanaanikwa kwenye chanja siku hizi.

Mnyamwezi Halisi: Wa mwezi uliopita walikuwa na mchanga. Nilitafuna kama nasaga kokoto.

Bibi Harusi wa Ujiji: Ulinunua kwa nani? Usiniambie yule wa kilemba cha njano.

Mnyamwezi Halisi: Huyohuyo!

Kibirizi Finest: Yule anapunja hatari. Kopo lake limebonyezwa kwa ndani.

Mwenye uzi: Jamani, uzi wangu. Mama kasahau maneno. Singeli kumi na mbili.

Nyundo ya Gungu: Kwa kopo hata mimi kaniumiza.

Mwenye uzi: @Mnyamwezi Halisi hiyo asali dumu la lita tano linapatikana? Keshokutwa nipo hapo.

Mnyamwezi Halisi: Lipo. Njoo na dumu lako, na samaki mgebuka wawili wakubwa.