Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mama Tarangire kuona tembo, ila anawaogopa

Binti_Mpare: Wakuu habari za jioni. Niko Arusha, mama anakuja mwezi wa nane kutoka Same, nimechangachanga nikapata hela ya kukodi landkruza ya kufunguka juu siku moja twende Tarangire. Shida mama tembo anawajua kwa ubaya tu, nikiwa la tano walitoka hifadhi ya Mkomazi usiku wakamaliza mahindi yetu yote, tuko ndani tunasikia mabua yanavunjika na baba anapiga debe wao wala hawana habari. Sasa nikimwambia tukawaangalie anasema "mwanangu mimi nilishawaona". Nimpeleke au niache?

Mti_Mkavu: Mwezi wa nane ndio wenyewe. Kiangazi madimbwi ya nje yanakauka, makundi yanateremka mto Tarangire, mi nilihesabu hadi sabini nikaacha. Wanachimba mchanga wa mtoni kwa miguu na mkonga mpaka maji yatoke, watoto wanasubiri zamu. Tokeni alfajiri, ni kama km 120 barabara ya Dodoma, mnakunja kushoto Kwa Kuchinja.

mama_wawili: Dada mbung'o wapo, asivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta. Chakula wekeni kwenye hotpoti, mifuko ya plastiki marufuku tangu 2019.

Sukani_Kaskazini: Kazi yangu ni kuendesha watalii, hilo la mama usilichukulie poa. Mwambie dereva kabla hamjaondoka, asiwasogelee wenye watoto, asimame mbali azime gari, wakitaka watasogea wenyewe. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa anakwambia toka, na dume linalotiririka maji pembeni ya jicho huku mkojo unadondoka hilo hata mimi silisogelei. Mama akae kiti cha katikati, msimlazimishe kusimama. Nilishabeba bibi mmoja kimya kutwa nzima, tukakuta tembo na kitoto chini ya mbuyu, akauliza mimba yao miezi mingapi, nikamwambia 22. Akatoa kichwa dirishani taratibu akamwambia yule tembo "pole mwenzangu".

Binti_Mpare: Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Nimempigia sasa hivi nikamwambia hiyo ya miezi 22, akanyamaza weee, halafu akauliza huko asubuhi kuna baridi, abebe sweta lipi. Nimemwambia lolote mama, ila sio lile la bluu.