Kanda za Babu

*Kikundi: Ukoo wa Kibokoni*

Rukia: Assalaam alaykum. Jana nimepita kwa Baba. Chumba cha juu hakiingiliki, kanda za taarabu mpaka chini ya kitanda. Na daktari kashamkataza kupanda ngazi. Twafanyaje?

Athman: Waalaykum salaam. Huku Nairobi kuna mtu anunua sahani za santuri, aulizia zile za lebo ya Mzuri haswa. Kanda hazitaki hata bure.

Shangazi Mwanaisha: Yakhe, mwagawa mali ya mtu naye yu hai? Mwenyewe yumo humu humu kikundini.

Rukia: 🙈

Swaleh: Nilizihesabu Jumapili. Kanda 412. Kuzitia kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato, kanda ya saa nzima yataka saa nzima. Nikifanya mbili kila siku ni kama miezi saba. Na hapo redio iwe haijaila hata moja.

Athman: Imeila?

Swaleh: Nilijaribu tatu. Ya kwanza ya dakika 90, utepe wake mwembamba kuliko wa 60, ukajisokota mle ndani nikautoa kwa kibano cha nyusi cha Tima. Ya pili ina ukungu mweupe kama imepakwa unga, hewa ya bahari hiyo. Ya tatu kisponji cha kubania utepe kimebanduka, Juma Bhalo aimba kama yuko ndani ya mtungi.

Tima: Kibano changu hakijarudi btw

Athman: Mimi naona tuwape makumbusho ya Fort Jesus zote. Au tutie YouTube. Bhalo alitutoka 2014, mwimbaji mwenzake Zein L'Abdin 2016, na Baba ana kanda zao za arusini ambazo hazikuuzwa dukani. Watu walioko Uarabuni watalia kwa furaha.

Shangazi Mwanaisha: Za Bhalo na Zein sawa. Lakini mle mna kanda za ukumbi wa wanawake. Arusi ya Khadija mimi nimo. Wanaume wametolewa, tumeimba vya ndani, tumetupiana vijembe kwa majina. Waliotajwa wengine wameshakufa, watoto wao twasalimiana nao sokoni. Leo nijisikie kwenye simu ya muuza kahawa?

Rukia: 😂😂 Shangazi uliimba nini?

Shangazi Mwanaisha: Hayakuhusu.

Athman: Lakini Shangazi, hiyo ndiyo historia yenyewe.

Shangazi Mwanaisha: Historia yako imba wewe.

Tima: Babu ametuma sauti, nawaandikia:
"Nimewasikia nyote. Sahani uzeni, tangu sindano ivunjike nazitazama tu. Ile ya Siti binti Saad msiuze. Siti alikwenda Bombay 1928 kutia sauti, mimi sijazaliwa, lakini ule ufa ni wangu, niliikalia wiki niliyooa. Hakuna atakayeilipia kitu. Kanda, Swaleh anza na zile za sanduku la bati, ndizo zinazooza. Makumbusho wapelekeeni nakala, si kanda zenyewe, mpaka nizikwe. Na zile za wanawake nimezifunga uzi mwekundu tangu zamani. Redio niliwapa wao, mimi nilikaa nje barazani. Sijazisikiza hata moja."

Rukia: Hata moja, Baba? Miaka yote hii?

Tima: Ameitikia kwa kichwa tu 😅

Swaleh: Nimeziona, ni 38. Basi sizigusi. Nizipeleke wapi?

Babu Salim: Kwa mwanaisha

Shangazi Mwanaisha: Niletee. Nitawaita waliobaki, tusikize wenyewe, kila mmoja aseme yake iwekwe au ifutwe. Waume zenu wasikanyage siku hiyo.

Swaleh: Shangazi, redio ya kanda unayo?

Shangazi Mwanaisha: Sina.

Babu Salim: Chukua yangu. Na pensili ya kuzungushia iko ndani ya mfuko wake