MREJESHO: Shule yetu imepata usajili

Habari zenu wakuu. Mwaka jana niliwauliza taratibu za kusajili shule ya msingi binafsi hapa Tanzania. Ahsanteni kwa majibu, namba ya usajili imetoka, ile inayoanza na EM.

Kwa anayefuata njia hii: kuna kibali cha kujenga, kuna kuthibitishwa kwa mwenye shule na meneja wake, halafu ndiyo usajili wenyewe. Vyote vipo chini ya Kamishna wa Elimu, kwa Sheria ya Elimu ya 1978. Hatimiliki, ramani na katiba ya taasisi havileti shida kama viko safi.

Kazi ipo kwenye ukaguzi. Wathibiti ubora walipima madarasa (wanafunzi 45 kwa chumba), wakaangalia vyeti na leseni za walimu, kisha wakahamia chooni. Huko walikaa! Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, tena wanataka maji ya kunawa. Fundi wetu alikuwa amegawa sawa kwa sawa, ikabidi tuongeze upande wa wasichana ndipo ripoti yao ikapelekwa ngazi za juu. Mimi naona wana haki, ingawa mfuko uliuma.

Aliyeniuliza kuhusu mitihani: NECTA (Baraza la Mitihani) ni hatua nyingine, unaomba kituo cha mtihani ukishasajiliwa. Bweni nalo lina kibali chake. Sisi tunaanza na kutwa, wazazi wa mbali watusubiri.