Naomba ushauri: tunataka kwenda kuchuma matofaa, watu 35

Habari zenu ndugu. Tuko familia tisa hapa Grand Rapids, Michigan, na tunataka kwenda pamoja kuchuma matofaa kwenye vilima vya kaskazini mwa mji, vinavyoitwa Fruit Ridge.

Wazo ni la mama zetu. Wengi walikuwa wakulima Uvira na Fizi, kule Kongo, na tangu wafike huku wanakaa ndani tu, hasa baridi ikianza. Mmoja ameniambia, "Mwanangu, nataka nikanyage udongo." Maneno hayo yamenigusa sana, ndiyo maana sitaki safari iharibike.

Kinachonisumbua ni tarehe. Aina za matofaa ziitwazo Gala na McIntosh huiva Septemba, aina ya Fuji husubiri hadi mwisho wa Oktoba. Mama wanapenda tofaa tamu lisilo na ukali, kama Fuji, lakini mwisho wa Oktoba nawahofia na baridi. Mliowahi kwenda na wazee, mlichagua wiki gani?

Halafu malipo. Mashamba mengi huuza mfuko mtupu, unaujaza mwenyewe. Ule wa kati huchukua kama kilo 9. Je, kila familia inunue wake au tuchange?

Na chakula: tungependa kubeba pilau na chai, ila mwaka jana shamba moja lilituzuia getini na masufuria yetu, watoto wakashinda na njaa. Je, kupiga simu mapema kunatosha, au niombe ruhusa kwa maandishi?

Pia bibi mmoja anatembelea mkongojo. Lile trela la trekta linalobeba wageni shambani, ngazi zake anaziweza?