Naomba ushauri: supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, Taipei

Wakuu, habari zenu. Niko Taipei kikazi kwa wiki moja, na kila ninayemuuliza anaitaja Yong Kang, ule mkahawa wa tangu 1963 karibu na stesheni ya Dongmen. Jana nilipita saa saba mchana, foleni imefika barabarani. Harufu yake we acha tu, karafuu maua na soya, nikabaki nimesimama kama mtoto mbele ya banda la mishikaki.

Shida yangu ni hii. Mimi ni Mwislamu, na nasikia mapishi mengi ya supu ile nyekundu hutiwa mvinyo wa mchele. Kuna aliyeniambia nitafute mikahawa ya Waislamu wa huku, wanaopika supu nyeupe isiyo na soya nyingi. Mliokaa huku, mnaijua iliyo karibu na msikiti mkuu wa barabara ya Xinsheng? Ladha inafikia ile nyekundu, au ndiyo kujifariji?

La pili, kano. Wanauza bakuli la nyama tupu, la kano tupu na la nusu kwa nusu. Mimi mtu wa supu ya makongoro, kwa hiyo kano zinanivuta, ila kuzikamata kwa vijiti naona ni mtihani. Kuomba uma ni aibu? Na yale majani ya haradali yaliyochachushwa, natia mwanzo au nionje mchuzi kwanza?

Ijumaa naondoka, nisaidieni mapema.